Kasisi aliyeichezea Uingereza raga: Rupert Inglis, kutoka Blackheath hadi Ginchy

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchezaji wa raga hapa Kakamega na mwakani, Mungu akipenda, nitaingia chuo cha theolojia cha Kanisa Anglikana. Mzee mmoja wa kanisa letu ameniambia niachane na "mchezo wa fujo" kabla sijavaa kola. Mzee mwingine akanitetea, akasema aliwahi kuwapo mchezaji wa timu ya taifa ya Uingereza, zamani sana, aliyekuwa kasisi na akafa vitani akihudumia majeruhi. Je, ni kweli? Alikuwa nani? Aliiacha raga baada ya kuokoka? Na kaburi lake liko wapi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mzee aliyekutetea hakubuni. Mtu huyo ni Rupert Edward Inglis. Alikuwa mchezaji wa mbele wa klabu ya Blackheath ya London, akaichezea Uingereza mechi tatu mwaka 1886, akawa kasisi, na akauawa kwa kombora karibu na kijiji cha Ginchy, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 18 Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alikuwa na umri wa miaka 53, na askari wengi aliokuwa nao siku hiyo angeweza kuwazaa.

Hilo la kuokoka kisha kuiacha raga ndilo lenye kasoro. Najua hadithi hizi zinavyosimuliwa kwetu: mtu mkorofi, mabega mapana, anakutana na Bwana, anautupa mpira na kushika Biblia. Kwa Inglis hakuna Barabara ya Dameski. Raga na ukasisi alivipata katika malezi yale yale, kwa walimu wale wale, na ukitaka kumwelewa huna budi kuanza na ukoo wake.

Babu wa baba yake, Charles Inglis, alikuwa askofu wa kwanza wa Nova Scotia, katika nchi ambayo leo ni Kanada. Babu yake, John Inglis, alikuwa askofu wa tatu wa jimbo hilo hilo. Baba yake, John Eardley Inglis, ndiye aliyekatisha mfululizo huo akaingia jeshini, na jina lake likavuma mwaka 1857 kule Lucknow, India, katika mapigano ambayo Waingereza waliyaita uasi na Wahindi wengi leo huyaita vita vya kwanza vya uhuru. Kamanda wa Waingereza waliozingirwa mjini humo alipouawa mwanzoni mwa Julai, Inglis ndiye aliyeshika uongozi hadi msaada ulipofika. Mkewe, Julia, alikuwamo ndani ya mji huo uliozingirwa pamoja na watoto wao wadogo, akiandika shajara ambayo baadaye ilichapishwa. Mama huyu naye hakutoka kwa watu wadogo. Baba yake alikuwa Lord Chelmsford, mwanasheria aliyepanda hadi kuwa Lord Chancellor, cheo cha juu kabisa cha sheria Uingereza, na kaka yake ndiye yule jenerali aliyeliongoza jeshi la Waingereza mwaka 1879, Wazulu walipolisambaratisha kule Isandlwana, Afrika Kusini. Rupert alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano habari za kipigo hicho cha mjomba wake zilipofika London.

Baba yake hakumwona. Jenerali Inglis alifariki Septemba 1862 akiwa Ujerumani, na Rupert akazaliwa London tarehe 17 Mei 1863. Alikulia kwa mama mjane, katika nyumba iliyojaa majina ya maaskofu na maofisa wa jeshi. Kwa kijana wa tabaka lake milango ya maisha ilikuwa michache na yote ilikuwa wazi: jeshi, sheria, kanisa, utumishi wa dola. Kuchagua kanisa hakukuwa kuikimbia dunia hata kidogo.

Alipelekwa kusoma Rugby, shule iliyoupa mchezo wako jina. Hapa nitakaa kidogo, maana jibu kwa mzee wako liko papa hapa.

Kati ya 1828 na 1842 shule ya Rugby iliongozwa na Thomas Arnold, kasisi aliyetaka shule itoe Wakristo kwanza na wasomi baadaye. Arnold mwenyewe hakuwa mshabiki mkubwa wa mpira. Waliomfuata, wanafunzi na walimu waliotoka mikononi mwake, ndio waliounganisha kapela na kiwanja. Walifundisha kwamba kijana anayejifunza kuvumilia pigo bila kulipiza, kumtii nahodha, na kumtolea mwenzake mpira badala ya kukimbilia sifa peke yake, anajifunza nusu ya katekisimu akiwa na matope magotini. Watu wakauita msimamo huo Ukristo wa misuli. Ulikuwa na upande wake mbaya, nao ni kiburi cha kitabaka na imani kwamba Mungu aliwaumba Waingereza ili watawale wengine. Hata hivyo ulienea duniani, na ulifika hadi kwetu. Carey Francis, mmisionari Mwingereza aliyefika shule ya Maseno mwaka 1928 na baadaye kuiongoza shule ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, alikuwa wa mkondo huo huo, ingawa mapenzi yake yalikuwa kwa kandanda. Umewahi kujiuliza kwa nini shule zetu kongwe za misheni zina kiwanja hatua chache tu kutoka kanisani? Haikutokea hivyo kwa bahati.

Na nikuongezee moja la kumpelekea mzee wako. Kombe la Dunia la raga linaitwa kwa jina la William Webb Ellis, mwanafunzi wa Rugby ambaye inasemekana mwaka 1823 aliukamata mpira kwa mikono na kukimbia nao. Hadithi yenyewe haina ushahidi wa wakati ule. Ilianza kuandikwa baada ya Ellis kufa mwaka 1872, na mimi siiamini. Lakini Ellis mwenyewe aliishi kweli, na kazi yake ya maisha ilikuwa ukasisi wa Kanisa la Uingereza. Kwa hiyo mabingwa wa dunia wanapoliinua kombe lile, wanainua jina la kasisi. Tangu siku za mwanzo raga na kola vimetembea pamoja, na anayevitenganisha ana kazi ya kueleza ni lini viliachana.

Kutoka Rugby, Inglis aliingia University College, Oxford. Aliichezea Oxford dhidi ya Cambridge mwaka 1883 na 1884, mechi ambayo enzi hizo ilikuwa na uzito wa karibu sawa na mechi ya kimataifa. Oxford ya miaka ile ilikuwa ikibadilisha raga yenyewe. Kabla yake wachezaji wa mbele walikuwa rundo la watu wanaosukumana juu ya mpira hadi upande mmoja uchoke. Harry Vassall, nahodha wa Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1880, aliwafundisha kuachana upesi, kupeana mpira kwa pasi fupi na kukimbia kama kundi. Chuo kikapita misimu kadhaa bila kushindwa. Inglis aliukuta mfumo huo ukiwa umekomaa, na huko ndiko alikojifunza raga iliyompeleka timu ya taifa.

Mwaka 1886 akachaguliwa. Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Wales, tarehe 2 Januari, huko huko Blackheath, nyumbani kwa klabu yake. Uingereza ilishinda kwa goli moja na trai mbili dhidi ya goli moja. Trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na goli ni kuupiga teke upite kati ya milingoti. Usishangae kutoona pointi. Kuhesabu mechi za kimataifa kwa pointi kulikuwa bado. Mshindi alipatikana kwa kuhesabu magoli, na magoli yakikosekana au yakilingana ndipo trai zikaangaliwa. Mwezi uliofuata walikwenda Dublin wakaifunga Ireland kwa trai moja tu. Tarehe 13 Machi wakacheza na Scotland kwenye kiwanja cha Raeburn Place, Edinburgh, na mechi ikaisha bila upande wowote kupata kitu.

Sare hiyo ya Edinburgh ina historia yake. Miaka miwili kabla, Uingereza na Scotland walikuwa wamegombana juu ya trai moja. Mscotland aliugusa mpira ukarudi nyuma, Waingereza wakaudaka na kufunga, Wascotland wakadai mchezo ulipaswa kusimama. Barua zikaandikwa, hakuna aliyekubali kushuka, na mwaka 1885 mechi yao haikuchezwa kabisa. Ugomvi huo ndio uliozaa bodi ya kimataifa ya raga mwaka 1886, iliyoanzishwa na Scotland, Ireland na Wales, huku Uingereza ikikataa kujiunga hadi 1890. Kwa hiyo Inglis alicheza katika mechi ya kwanza ya mataifa hayo mawili baada ya kununiana. Ubingwa wa mwaka huo waligawana Uingereza na Scotland, maana hakuna kati yao aliyefungwa.

Baada ya hapo jina lake halionekani tena kwenye timu ya taifa. Mechi tatu, ushindi mara mbili, sare moja, basi. Alikuwa hajatimiza hata miaka 23. Wewe uliyezoea wachezaji wenye mikataba na mawakala utadhani aliumia au alifukuzwa. Enzi zile raga haikuwa na malipo, na haikuruhusu malipo hadi 1995. Kijana wa chuo kikuu alicheza mpaka kazi ilipoanza, na kazi ilipoanza alicheza Jumamosi kama akipata nafasi. Hakuna aliyeona ajabu mchezaji wa taifa kuondoka akiwa bado na nguvu. Kwa Inglis kazi ilikuwa kanisa.

Alisoma katika chuo cha theolojia cha Ely, mji mdogo wenye kanisa kuu kubwa mashariki mwa Uingereza. Mwishoni mwa muongo huo akawekewa mikono kuwa shemasi, kisha kasisi. Akatumika kama kasisi msaidizi Helmsley, huko Yorkshire, na baadaye Basingstoke, Hampshire. Miaka hii haina mengi ya kusimulia, na wasimulizi huiruka ili wafike vitani. Tukumbuke tu kwamba ilikuwa zaidi ya miaka kumi ya kubatiza, kuzika, kutembelea wagonjwa na kufundisha watoto, bila cheo kikubwa wala sifa. Aliyekuwa na mjomba bwana mkubwa angeweza kupata mahali pazuri mapema. Inglis alisubiri.

Mwaka 1900 alipewa parokia ya Frittenden, kijiji cha wakulima katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Mwaka huo huo alimwoa Helen Mary Gilchrist, na wakapata watoto watatu: Joan, John na Margaret. Huyo John baadaye aliingia jeshi la majini, akapanda hadi kuwa vice-admiral na mkuu wa ujasusi wa jeshi hilo katika miaka ya 1950. Inglis alikaa Frittenden miaka kumi na mitano. Kama ungefika kijijini mwaka 1914 na kumwuliza mtu kuhusu mchezaji wa taifa, huenda angekutazama tu. Wao walimjua padre wao.

Sasa tufike kwenye vita, na hapa ndipo mimi naona ukubwa wa mtu huyu. Mechi tatu za 1886 wamecheza wengi.

Vita vilipoanza Agosti 1914, makasisi wa Uingereza walijikuta mahali pagumu. Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, alishikilia kwamba aliyewekewa mikono hapaswi kubeba bunduki. Wakati huo huo serikali haikuwa bado na sheria ya kulazimisha watu kujiunga na jeshi. Hiyo ilikuja 1916. Ilitegemea wanaojitolea, na mimbari ilikuwa mojawapo ya mahali pa kuwahimizia. Kwa hiyo kila Jumapili, katika vijiji vingi, kasisi aliwaambia vijana wa watu kwamba nchi inawaita, halafu akarudi nyumbani kunywa chai.

Inglis alikuwa mmoja wao. Aliwahimiza vijana wa Frittenden hadharani na faraghani, na jambo hilo likaanza kumkaa rohoni. Alipoamua kuondoka mwaka 1915, aliwaandikia waumini wake barua ya kuwaeleza. Kwa ufupi aliwaambia hivi: amekuwa akiwaambia watu kwamba ni wajibu wao kuacha nyumba zao, kwenda ugenini, kuvumilia taabu na pengine kukikabili kifo, na imemwia vigumu sana kuyasema hayo na kisha yeye mwenyewe kubaki nyumbani kwa raha. Hakujisifu wala kuwatukana Wajerumani. Alikuwa na miaka 52, mke, na mtoto wa mwisho aliyekuwa bado mdogo kabisa. Hakuna aliyemtazamia kwenda, wala hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki. Nimesoma barua nyingi za makasisi wa wakati ule, na chache mno zina unyofu wa namna hiyo.

Julai 1915 akaingia jeshini kama kasisi wa daraja la nne, cheo kilicholingana na kapteni. Jeshi lilikuwa limeanza vita likiwa na makasisi 117 tu. Hadi vita vinaisha walikuwa wamezidi 3,000. Alianzia katika hospitali ya jeshi ya Étaples, kwenye pwani ya Ufaransa, ambako majeruhi walifikishwa kwa treni kutoka mstari wa mbele. Baadaye akapangiwa brigedi ya 16 katika divisheni ya 6, akawa pamoja na kikosi cha King's Shropshire Light Infantry upande wa Ypres, Ubelgiji. Mwaka 1916, wakati wa mapigano ya Somme, alihudumu pia Corbie, katika kituo cha kupokelea majeruhi, kabla ya kurudi kwa askari wake.

Utauliza kasisi hufanya nini mahali kama hapo. Mahubiri yalikuwa sehemu ndogo. Askari asiyeweza kushika kalamu alihitaji mtu wa kumwandikia mama yake. Askari aliyekufa usiku alihitaji kuzikwa asubuhi, na kasisi ndiye aliyesoma ibada, akaandika mahali kaburi lilipo, kisha akaketi kuiandikia familia. Kulikuwa na kugawa chai na sigara, kuandaa tafrija ndogo ili watu wacheke nusu saa, kutoa ushirika mtakatifu juu ya sanduku ndani ya banda au handaki. Inglis mwenyewe aliandika nyumbani mara kwa mara, na barua zake kwa mkewe na wanawe familia ilizitunza. Ndizo zinazotuwezesha kumjua kama mtu, si kama jina kwenye jiwe.

Lazima pia uelewe lawama iliyowaandama makasisi wa Anglikana katika vita vile. Mwanzoni jeshi liliwaagiza wakae nyuma, mbali na mahandaki ya mbele. Askari hawakujua habari za maagizo. Waliona tu kwamba padre anawabariki wakienda kufa na yeye habanduki nyuma. Mapadre wa Kikatoliki, ambao kwao kumpaka mafuta anayekufa ni sakramenti, walisogea mbele zaidi na wakaheshimiwa. Kufikia 1916 amri zilikuwa zimelegezwa, na mahali alipojiweka kasisi palitegemea zaidi dhamiri yake. Mtu mwenye miaka 53 angeweza kabisa kubaki kwenye kituo cha majeruhi bila kuulizwa na mtu.

Septemba 1916 divisheni ya 6 iliwekwa mbele ya ngome moja ya Wajerumani mashariki mwa Ginchy, ambayo Waingereza waliiita Quadrilateral. Tarehe 15, siku ambayo vifaru vilitumika vitani kwa mara ya kwanza katika historia, waliishambulia wakashindwa, na watu wengi wakaanguka kwenye uwanda uliokuwa umegeuzwa tope na mashimo. Tarehe 18 wakashambulia tena, na safari hii wakaitwaa. Inglis alitoka pamoja na wabeba machela kwenda kuwatafuta na kuwahudumia waliojeruhiwa. Kipande cha kombora kikampata. Alipokuwa akifungwa jeraha, kombora la pili likaanguka na kumwua papo hapo.

Huenda utasikia ikisemwa kwamba ndiye mchezaji wa kimataifa mwenye umri mkubwa kuliko wote aliyeuawa katika vita vile. Si kweli. Richard Garnons Williams, aliyekuwa katika timu ya kwanza kabisa ya Wales mwaka 1881, aliuawa Loos Septemba 1915 akiwa na miaka 59. Huyo alikuwa ofisa wa jeshi kwa kazi. Inglis alikuwa kasisi.

Turudi kwa mzee wako na "mchezo wa fujo". Usimdharau. Wasiwasi wake una sababu, maana kola haimzuii mtu kupandwa na hasira kwenye skramu, na waumini wanaokuona ukimkaba mtu shingo Jumamosi watakukumbuka hivyo Jumapili ukiwa madhabahuni. Katika hili Inglis hatusaidii sana. Inaonekana alikuwa amekwisha kuziacha mechi kubwa alipowekewa mikono. Anayetusaidia ni kasisi mwingine wa zama zilizofuata, Matthew Mullineux.

Mullineux alisoma St John's College, Cambridge, na naye akachezea Blackheath. Hakuwahi kuichezea Uingereza, lakini mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini na kikosi cha visiwa vya Uingereza, timu ambayo leo tunaijua kama Lions, na mwaka 1899 akapewa kukiongoza kikosi kama hicho kwenda Australia akiwa tayari kasisi. Mechi ya kwanza ya Australia kama taifa ilichezwa Sydney tarehe 24 Juni 1899, na wageni wakafungwa 13 kwa 3. Basi Mullineux, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, akafanya jambo ambalo manahodha wengi hawaliwezi. Alijiona hatoshi, akajiondoa kwenye kikosi, na unahodha uwanjani akamwachia Frank Stout. Mechi tatu zilizobaki walishinda zote: 11 kwa 0, 11 kwa 10, na 13 kwa 0.

Hakuwa mpole kupita kiasi, lakini. Safari ilipoelekea ukingoni alisimama kwenye karamu, mbele ya wenyeji waliomlisha na kumnywesha, akawaorodheshea hila zao: kumshika mtu asiye na mpira, kuweka kiwiko mahali kisipotakiwa kwenye skramu, na kumpigia kelele mpinzani akutolee pasi kana kwamba wewe ni mwenzake. Wengi walikasirika, magazeti yakamjibu. Mimi nadhani alisema kweli, ingawa mgeni mwenye adabu ya kwetu angesubiri sahani ziondolewe. Ninachotaka ukione ni kwamba hakuona uwanja kama mahali ambapo ukasisi unavuliwa na kutundikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kama utacheza ukiwa shemasi, cheza hivyo, na huyo mzee ataishiwa hoja mwenyewe. Kama chuo kitakuwa na masharti yake kuhusu michezo, na vingine huwa nayo, muulize mkuu wa chuo mapema, kabla msimu haujaanza. Usimfiche halafu uonekane gazetini.

Mullineux naye alikwenda vitani kama kasisi, pamoja na askari wa New Zealand. Mwaka 1918, daktari wa kikosi chake alipojeruhiwa mapema katika mapigano, yeye ndiye aliyechukua usimamizi wa kituo cha huduma ya kwanza, akafunga vidonda na kupanga majeruhi wasafirishwe, chini ya mabomu na gesi kwa saa kumi na mbili. Akatunukiwa nishani ya Military Cross. Tofauti na Inglis, alinusurika, akafariki Marekani mwaka 1945.

Namtaja pia kwa sababu ya swali lako la mwisho, la kaburi. Baada ya vita maelfu ya wajane na wazazi maskini wa Uingereza walijua tu kwamba mtu wao yuko mahali fulani Ufaransa au Ubelgiji, na nauli hawakuwa nayo. Mwaka 1919 Mullineux alianzisha chama cha Mtakatifu Barnaba, St Barnabas Society, cha kuwasafirisha ndugu wa marehemu hadi makaburini na kuwapa malazi. Lango la Menin, mnara wa kuwakumbuka askari waliopotea, lilipozinduliwa Ypres Julai 1927, chama hicho kiliwafikisha pale mamia ya mama waliofiwa na wana wao.

Lakini Inglis hana kaburi linalojulikana. Eneo la Ginchy lilipigwa mabomu tena na tena baada ya siku ile, na wengi waliozikwa pale hawakupatikana au hawakutambulika tena. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa Thiepval, ule mkubwa wa matofali uliozinduliwa mwaka 1932, pamoja na majina ya wengine zaidi ya 72,000 waliopotea kwenye uwanja wa Somme. Ukijaliwa kufika huko, usilitafute kati ya askari wa Shropshire aliokufa pamoja nao. Majina yamepangwa kwa vikosi, na yeye yuko kwenye orodha ya idara ya makasisi wa jeshi. Orodha hiyo ni fupi. Utalipata jina lake upesi.